Maswali tunayoulizwa kila mara: kuishi imani kwa unyenyekevu na kuwashirikisha wengine, kutoka Mwaloni

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama muuza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, hapa Mwanza, na ni mzee wa kanisa katika usharika mdogo wa Kilutheri. Maswali haya nimeulizwa vichanjani tukigeuza dagaa, kwenye jumuiya, kwenye foleni ya maji, mengine kwa simu saa nne usiku. Nimegundua kwamba nikijibu kwa mdomo, jibu linategemea nimeamkaje. Ndiyo maana nimeyaandika. Sikuyapanga kwa uzito wake.

Unyenyekevu ni nini hasa? Ni kuwa mpole?

Upole wengine wamezaliwa nao. Nina ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, sijamsikia akipaza sauti tangu tukiwa wadogo, lakini ukimkosea leo atakukumbusha mwaka kesho kwa sauti ileile nyororo. Na yuko tajiri mmoja wa mitumbwi ambaye mdomo wake unaunguza kama pasi ya mkaa. Siku moja alimsingizia kijana wake wa chomboni kuwa ameiba mafuta ya injini. Ilipojulikana kwamba hakuiba, alimfuata hadi kwenye kibanda wanacholala, akamwomba radhi mbele ya wenzake wote. Kati ya hao wawili, mimi najua ni yupi ninayemwita mnyenyekevu.

Paulo anawaandikia Wafilipi (2:3) kwamba kila mtu amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake. Hajasema ujione takataka. Wapo ndugu kanisani ambao kutwa ni "mimi si lolote, mimi sijui kitu," na ukiwasikiliza vizuri, mazungumzo yote bado yanawahusu wao.

Kipimo changu ni kama unaweza kupokea. Kupokea chakula kwa aliye maskini kuliko wewe, kupokea msaada, kupokea kukosolewa na mtu uliyemzaa. Watoaji tuko wengi, maana mkono unaotoa huwa juu na unaopokea huwa chini, na kukaa juu kuna raha yake. Petro alikwama hapohapo. Yesu alipoinama kumwosha miguu (Yohana 13), Petro alisema hutaniosha kamwe. Inaonekana kama heshima, kumbe ni mtu anayekataa kupokea. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hili, utanivumilia.

Nataka kumshirikisha mtu imani yangu. Naanzaje?

Azima kitu kwake.

Najua ulitegemea nikupe aya ya kukariri. Aya zipo, ila soma Luka 5 kwa macho ya mtu wa mwaloni. Wavuvi wamekesha usiku kucha hawajapata kitu, wameshuka, wanaosha nyavu. Anakuja mtu ambaye si mvuvi, ni mtoto wa seremala kutoka milimani, anaingia katika chombo cha Simoni na kumwomba akisogeze kidogo kutoka pwani ili akae humo afundishe. Hajasema bado neno lolote kuhusu dhambi za Simoni, wala habari ya kumfanya mvuvi wa watu haijaja. Kwanza kaomba mtumbwi.

Anayeishi pwani ya ziwa hili anajua kuazima mtumbwi kuna uzito gani. Mtumbwi ni ada ya shule, ni kodi ya nyumba, na uliyemwazima akiupasua kwenye mawe, mwaka wako umeishia hapo. Kisimani Samaria alifanya vivyo hivyo: alianza kwa kuomba maji ya kunywa kwa mwanamke ambaye Wayahudi hawakuchangia naye vyombo. Kwa Zakayo alijialika mwenyewe. Na alipowatuma wale sabini (Luka 10) aliwakataza kubeba mfuko, mkoba wala viatu, akawaambia wale watakachowekewa. Mtu asiye na mfuko lazima abishe hodi kama mhitaji. Akifika hivyo, hawezi kumdharau mwenye nyumba.

Nilijifunza kwa hasara. Jirani yangu mmoja, mama kutoka Ukerewe, nilimpelekea vipeperushi vya kanisa mara mbili. Alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akavitumia kuwashia jiko. Nilivunjika moyo, nikamwona ana moyo mgumu. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa na dagaa wengi vichanjani, hawajakauka, wingu likapanda kutoka ziwani kama ukuta. Dagaa wakilowa wanabadilika rangi, wanatoa harufu, na bei inashuka hadi ya chakula cha kuku. Turubai langu lilikuwa na matundu kama chujio. Yeye alikuwa na jipya. Nilisimama mlangoni kwake natetemeka, nikamwambia, "Mama, nisaidie, naangamia." Alikuja na turubai na binti zake wawili. Tulifunika, tukakimbiza vingine ndani kwa ndoo, mvua ikatukuta nusu ya kazi. Jioni tulikaa kwangu, nguo zimetulowa, tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya rangi. Ndipo aliponiuliza, yeye mwenyewe, kwa nini nilikuwa nasali huku nakimbia, na nilikuwa namwambia Mungu nini. Nilimwambia ukweli: kwamba nilikuwa namlaumu. Tulizungumza mpaka taa za dagaa zikaonekana kwenye maji.

Usichukue hili ukalifanya mbinu. Ukiazima chumvi ambayo unayo nyumbani ili upate mlango wa kuhubiri, huo ni uongo, na watu wa mtaani wananusa uongo haraka kuliko dagaa waliolowa.

Hata historia ya pwani hii iko hivyo. Mapadri Weupe wa kwanza, wamisionari Wakatoliki, walifika Kageye, si mbali na Mwanza, mwishoni mwa mwaka 1878. Padri Lourdel na Bruda Amans walitangulia kuvuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Buganda Februari 1879. Wenzao walibaki Kageye mpaka Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alipopeleka mitumbwi yake kuwachukua. Injili ilivuka ziwa letu ikiwa abiria.

Yesu anasema nuru yetu iangaze mbele ya watu, halafu anasema mkono wa kushoto usijue afanyalo wa kuume. Nifuate lipi?

Yote, na yote yamo katika hotuba moja (Mathayo 5 na 6), kwa hiyo hakuwa amesahau. Angalia tu sifa inakwenda kwa nani. Mvuvi wa dagaa akiwasha taa yake usiku wa giza hataki imulike uso wake. Anataka imulike maji. Ikimpiga yeye machoni anaigeuza, maana haoni samaki.

Kikundi chetu kimegawa misaada kwa wajane. Tupige picha tuweke kwenye magrupu?

Nianze na kosa langu. Mwaka fulani tulichanga tukanunua unga, sabuni, mafuta ya kupikia. Mimi ndiye niliyekuwa na simu yenye kamera nzuri. Nilimpanga mama mmoja mjane mbele ya mlango wake, nikamwomba ashike mfuko wa unga vizuri ili maandishi yaonekane, nikamwambia atabasamu. Akatabasamu. Picha ikapata "amina" nyingi kweli.

Wiki iliyofuata sikumwona ibadani, wala iliyofuata. Nilipokwenda alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Wakati wa kuondoka aliniambia mwanawe aliye kidato cha tatu ameiona picha kwenye simu ya mwenzake, shuleni. Hakusema zaidi. Mfuko wa unga ulikuwa bado pale pembeni, nusu.

Sasa sisi hatupigi. Mweka hazina anaandika kwenye daftari, wanajumuiya wanaona daftari, inatosha. Wapo wafadhili wanaotaka picha kama ushahidi. Wapigie mifuko picha kabla haijatoka stoo. Mfadhili akisema lazima sura za watu zionekane, mimi nitapiga kura tumrudishie hela yake, na najua kura hiyo huwa nashindwa.

Majirani zangu ni Waislamu. Nitaishije imani yangu bila kuwakwaza, na bila kuificha?

Anza na salamu. Kuna Wakristo wanaomwamkia kila mtu "Bwana Yesu asifiwe," na asiyeitikia "amina" wanamwona adui. Salamu hiyo ni ya nyumbani kwetu. Nje kuna shikamoo, kuna habari za asubuhi, na kwa wazee wa Kisukuma kuna mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, utaitikiwa kwa tabasamu.

La pili: alika na ualikike. Tunapenda sana kuwapelekea pilau ya Krismasi, lakini tukiitwa kufuturu tunakuwa na udhuru. Nenda. Kaa ulipoonyeshwa, kula ulichopewa, uliza wanachokiamini na usikilize hadi mwisho, bila kutafuta pa kupachika hoja yako. Akikuuliza na wewe, jibu wazi. 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu. Neno "atuulizaye" watu wengi hulipita kwa kasi.

Katiba yetu, ibara ya 19, inasema kutangaza dini ni huru na ni jambo la hiari la mtu binafsi. Uhuru huo ni wako na ni wa jirani yako. Ile mihadhara ya kuchambua kitabu cha mwenzako kwa kejeli kwenye vipaza sauti, hata ukiwa na kibali, mimi sijaona ilipomleta mtu kwa Kristo. Nimeona ilipovunja urafiki wa mama wawili waliokuwa wakishirikiana kichanja kimoja.

Mchungaji anahubiri stendi na kwenye vyombo vya usafiri. Je, hilo nalo ni unyenyekevu?

Inategemea kama msikilizaji anaweza kuondoka. Zamani kivuko cha Kigongo–Busisi kilikuwa mimbari ya kila mtu, maana katikati ya maji abiria atakwenda wapi? Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, watu wanapita juu ya kilomita 3 za maji bila kungoja kivuko, na wahubiri wetu wamehamia kwenye mabasi. Mimi nasema: omba ruhusa kwa abiria, si kwa kondakta peke yake. Sema dakika tano. Usizungushe kofia mwishoni, maana ukizungusha, yote uliyosema yanageuka utangulizi wa kofia.

Kuhusu spika za alfajiri mtaani: kuna wauguzi waliotoka zamu ya usiku, kuna wavuvi ndiyo kwanza wamelala. Punguza sauti. Mungu anasikia.

Mambo yangu mabaya mtaa mzima unayajua. Nikianza kuzungumza habari za Yesu watanicheka.

Watacheka kweli, tena wana sababu.

Lipa madeni kwanza. Nasema hivi kwa sababu walioniuliza swali hili, karibu wote walikuwa wanadaiwa: dukani, kwenye kibubu cha kikundi, kwa mama lishe. Zakayo hakutoa ushuhuda mrefu, alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kumrudishia mara nne. Huwezi? Nenda kwa anayekudai, mwombe samahani, mwambie utalipa kidogo kidogo, na umlipe. Kijana mmoja wa bodaboda hapa kwetu alilipa deni la chapati na maharage kwa miezi minne, mia tano mia tano. Yule mama lishe ndiye anayemtangaza sasa. Yeye mwenyewe bado hajui kuongea mbele ya watu.

Na usiogope kwamba hujafaa. Petro alipoona nyavu zinakatika kwa samaki alianguka magotini akamwambia Yesu aondoke kwake, kwa sababu yeye ni mwenye dhambi. Maneno hayo ndiyo yaliyotangulia kazi yake yote.

Lazima niwe na elimu ya Biblia au nipakwe mafuta uchungaji?

Hapana. Alexander Mackay, Mskoti aliyefanya kazi Buganda na kufa Usambiro, kusini mwa ziwa hili, Februari 1890, alikuwa fundi mitambo na mlei. Mikono yake ilijua chuma na mbao, na alichapa kurasa za Injili kwa Kiganda kwa mashine yake. Kaburi lake lilikuwa huku kwetu kabla ya kuhamishiwa Uganda.

Ukiulizwa usilolijua, sema "sijui, nitauliza." Kisha uulize kweli, urudi. Wengi tunaahidi, haturudi, halafu tunashangaa.

Babu yetu bado anafanya matambiko. Tumkemee?

Umekaa naye ukamsikiliza mara ngapi? Vijana waliookoka wiki iliyopita wanamkemea mzee wa miaka 80 kana kwamba hajawahi kumtaja Mungu, wakati amekuwa akimwita Mungu kwa Kisukuma kabla baba zao hawajazaliwa. Mimi sishiriki matambiko, na nimewaambia wakwe zangu hivyo kwa adabu, mara moja, nikiwa nimepiga magoti kama desturi yetu inavyotaka. Sikurudia. Wanajua. Kazi nyingine ya siku hiyo naifanya: nachota maji, napika, naosha vyombo, nalala kwenye mkeka na wengine.

Ukitaka kuona mtu aliyeanza kwa kupokea, nenda Bujora, Kisesa, mwendo mfupi kutoka mjini. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha pale makumbusho ya Wasukuma miaka ya 1950. Alikusanya ngoma, viti vya watemi, hadithi, na kanisa la pale limejengwa kwa sura ya Kisukuma. Kila mwaka karibu na Juni kuna sherehe ya Bulabo, ambapo makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, yanashindana kucheza, na sherehe yenyewe ilianza na maandamano ya Ekaristi. Sisi Walutheri si watu wa maandamano hayo, lakini nimekwenda mara mbili na nimecheza. Mgeni aliyekuja kufundisha, akakaa miaka na miaka akifundishwa ngoma: hilo linanifikirisha kila ninapomsikia mtu akisema "wale washenzi."

Unyenyekevu una maana nikubali kudhulumiwa?

Hapana, na hili nalisema kwa sauti.

Mama anayeuziwa dagaa kwa ndoo iliyobonyezwa kitako aseme. Aseme pale pale, aombe ndoo nyingine, na akikataliwa aende kwa uongozi wa soko. Kule Filipi, Paulo na Sila walipigwa bakora na kufungwa bila hukumu. Asubuhi mahakimu walipotuma watu wawaachilie kimyakimya, Paulo alikataa: yeye ni raia wa Rumi, waje wenyewe wawatoe (Matendo 16:37). Wakaja, wakaomba radhi. Huyo ndiye aliyewaandikia Wafilipi haohao ile barua ya unyenyekevu. Walikuwa wanamjua.

Na mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe na mtu yeyote, awe mchungaji, mzee wa kanisa au mama mkwe, kwamba kunyamaza ndiyo imani. Nimewahi kusema neno hilo mimi, zamani, kwa dada mmoja aliyekuja kwangu na jicho limevimba. Nilimwambia aombe, avumilie, Mungu atambadilisha mume. Alirudi nyumbani akavumilia. Mkono wake wa kushoto haunyooki hadi leo. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Siku hizi naenda na mtu hadi pale, nakaa naye kwenye benchi.

Kanisani kwetu matajiri wanakaa viti vya mbele. Ni sawa?

Soma Yakobo 2, aya nne za kwanza, kisha msomee mzee wa zamu mlangoni. Kwetu viti vya mbele vinakaliwa na wasiosikia vizuri.

Mtu amefiwa. Nimwambie nini ili nimshirikishe tumaini?

Usimwambie kitu. Chota maji.

Mei 21 mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikachukua mamia ya watu. Wengine wamezikwa Igoma, na kila mwaka wapo wanaokwenda pale. Watu wazima wa mji huu wote wana mtu, au wana jirani mwenye mtu. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe siku zile aliniambia kwamba kati ya maneno yote ya wachungaji hakumbuki hata moja, ila anamkumbuka dada mmoja asiyemfahamu aliyekaa nyuma ya nyumba siku tatu akisugua masufuria kwa majivu. Hakumwuliza jina. Mpaka leo akisikia sufuria inasuguliwa kwa majivu anamtafuta kwa macho.

Matanga yakiisha watu huondoka. Rudi siku ya arobaini, na baada ya hapo. Siku hizo nyumba imekuwa kimya, na hapo akitaka kuzungumza habari za Mungu, hata kwa hasira, sikiliza. Usimtetee Mungu.

Nimemshirikisha rafiki yangu mwaka mzima, amekataa. Nimwache?

Uache urafiki? Ulikuwa wa nini, basi? Paulo anasema yeye alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu (1 Wakorintho 3:6). Endelea kuazima ndoo yake. Na kama kuna kitu amekuambia kuhusu wewe katika mwaka huo, kwamba una kiburi, kwamba husikilizi, kitafakari. Huenda Mungu alimtuma yeye kwako.

Nitajuaje kwamba nimekuwa mnyenyekevu?

Muulize anayeosha vyombo nyumbani kwako. Mimi sijathubutu.

Mnakutana lini, na nije na nini?

Jumuiya yetu haina siku ya wiki, inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, mitumbwi inapumzika, na vijana wa chomboni wako nyumbani. Siku hizo tatu nne tunakutana kwangu jioni, nyuma ya vichanja. Huhitaji kuwa Mlutheri, wala Mkristo. Tunasoma kidogo, tunaongea sana, kuna chai. Njoo na kikombe chako, maana vyangu ni tisa na kimoja hakina mkono. Sukari ukiwa nayo, tutashukuru.